Pampu mpya ya bwawa, taima ya zamani: waya zipite wapi?

Swali: Habari fundi. Nimenunua pampu ya bwawa la kuogelea yenye kasi inayobadilika, ichukue nafasi ya ile kuukuu ya kasi moja. Umeme wa ile ya zamani unatoka kwenye breka, unapita kwenye taima ya ukutani, ndipo unaingia kwenye mota. Klorineta ya chumvi (kifaa kinachotengeneza klorini kutoka kwenye maji ya chumvi) nayo imechukua umeme baada ya taima hiyohiyo. Pampu mpya ina terminali za L (laivu), N (nyutro) na ethi (waya wa ardhini), pamoja na tundu dogo la waya nyembamba za mawasiliano. Je, nihamishe tu waya zilezile tatu? Na jirani ananiambia RCD, yaani kile kifaa cha kukata umeme unapovuja, itakuwa inaruka ovyo, bora niitoe. Ni kweli?

Jibu: Ndugu msomaji, nianze na la jirani, maana ndilo linaloweza kuua. RCD usiitoe. Breka ya kawaida hungoja ampea nyingi ndipo ikate, ilhali makumi ya miliampea tu yanatosha kuuvuruga moyo wa mtu aliyelowa maji. Kazi ya RCD ya miliampea 30 ni kumlinda huyo.

Hata hivyo jirani hakutunga. Ndani ya pampu hii mna inveta, ambayo huugeuza umeme wa AC (unaobadili mwelekeo) kuwa DC (wa mwelekeo mmoja), kisha huukatakata upya ili izungushe mota kwa kasi unayoitaka. Vichujio vyake vya umeme humwaga miliampea kadhaa kwenye ethi muda wote, hata pampu ikiwa nzima kabisa. Mivujo hiyo ikijumlishana na ya vifaa vingine kwenye RCD moja, basi itaruka, kwani RCD ya miliampea 30 inaruhusiwa kukata kuanzia 15. Dawa ni kuipa pampu RCD yake peke yake. Angalia pia aina ya hiyo RCD. Ile ya AC, iliyozoeleka na ya bei rahisi, inaweza kupofushwa na mvujo wa DC isiruke siku ya hatari. Mwongozo wa pampu utakuambia kama inataka aina ya A, F au B. Fuata huo, si ushauri wa dukani.

Sasa taima. Waya tatu zinaweza kubaki zilezile kama ni nzima na unene wake unatosha, ila zisipite tena kwenye taima. Mota ya zamani haikujali kukatiwa umeme kila siku. Inveta ina kepasita kubwa (vihifadhi chaji ya umeme) ambazo hujazwa kwa mkupuo kila umeme unaporudi, na ratiba ya kuwaka na kuzima imo ndani ya pampu yenyewe. Ipe umeme wa kudumu: breka na RCD, kisha isoleta, yaani swichi ya kukata L na N kwa pamoja, kisha pampu. Isoleta ikae mahali fundi anaiona akiwa kwenye pampu, lakini aliye majini asiifikie. Viwango vya kimataifa vya umeme, IEC, vina masharti maalumu kwa eneo lote la hadi mita 3.5 kutoka ukingo wa bwawa, kwa hiyo pima kabla ya kutoboa ukuta.

Hapo ndipo klorineta inapobaki yatima, na watu wengi hawalioni hilo. Zamani taima ilizima vyote viwili pamoja. Ukiiunganisha klorineta kwenye umeme wa kudumu wa pampu, itaendelea kutengeneza klorini na haidrojeni hata maji yakiwa yamesimama. Haidrojeni hujikusanya ndani ya seli (chemba ya klorineta yanamopita maji), nayo hulipuka. Kama pampu yako ina rilei (swichi inayoamriwa na pampu) ya kuendesha vifaa vingine, itumie kuiamuru klorineta, ila hakikisha kwanza rilei inabeba volti na ampea zake. Kama haina, taima ya zamani ibaki ikihudumia klorineta peke yake, iwake dakika kadhaa baada ya pampu kuanza na izime kabla pampu haijasimama. Kwa vyovyote, swichi ya mtiririko ya klorineta, inayoizima maji yasipopita, lazima iwe inafanya kazi. Usithubutu kuchukua umeme wa klorineta kwenye waya za kati ya inveta na mota. Huo si umeme wa kawaida.

Alama za L na N zinafaa pale umeme wa nyumbani ni laivu na nyutro ya volti 230. Marekani pampu za volti 230 huingizwa laivu mbili bila nyutro. Soma kibati cha pampu, usikisie. Kuhusu unene: waya wa shaba wa milimita mraba 2.5, urefu wa mita 30, ukibeba ampea 10, hupoteza volti 5 na ushei. Inakubalika. Umbali ukizidi sana hapo, nenda milimita mraba 4.

Ethi iliyo ndani ya boksi la terminali haitoshi. Kwenye mwili wa mota kuna skrubu ya nje ya kuunganisha vyuma vyote vya bwawa: ngazi, nondo, fremu ya hita. Ile waya nene ya shaba iliyokuwa kwenye pampu ya zamani irudi hapo. Nimeona ikiachwa inaning'inia kwa sababu pampu inazunguka bila hiyo.

Kazi ya kuunganisha aifanye fundi mwenye leseni. Akizima, apime kwa mita kwamba L na N zimekufa kweli, asubiri dakika zilizoandikwa kwenye kifuniko ili kepasita zitulie, ndipo afungue. Akitaka kupima insulesheni ya waya kwa mega ya volti 500, azitoe kwanza kwenye pampu, la sivyo ataunguza inveta. Waya nyembamba za mawasiliano zipite bomba lake, mbali na za umeme mkubwa, na tundu lile lisiguswe na volti 230.

Ukiwasha, acha pampu ivute maji kwa kasi ya juu, halafu ishushe. Ukiipunguza kasi kwa nusu, maji nayo huwa nusu, lakini nguvu kinadharia hushuka hadi moja ya nane. Ukiiendesha muda mara mbili, bado umetumia umeme robo. Usishuke kiholela, ingawa bili itakushawishi. Punguza polepole huku ukitazama taa ya mtiririko kwenye klorineta. Ikionyesha hakuna maji, panda juu kidogo hadi itulie, kisha rudia jaribio hilo chujio likiwa chafu, maana hapo mtiririko huwa mdogo zaidi. Kasi itakayopita majaribio yote mawili ndiyo ya kuweka kwenye ratiba.