Mwakani naingia kliniki ya mifugo na sijawahi kushika ng'ombe: jibu langu

Mdogo wangu, umesema uko mwaka wa tatu wa udaktari wa mifugo, umekulia Temeke, ng'ombe unamjua kwa supu tu, na mwakani unaanza kliniki. Unauliza ununue kitabu gani na kama umbo lako dogo litakukwamisha. Vitabu wengine wameshakutajia vya kutosha. Nina miaka 12 kazini, acha niongeze yaliyonigharimu mimi.

Wajue wazima kwanza. Sisi tuliisoma ndigana kali, homa ya kupe inayovimbisha tezi, mpaka tukaiota usiku, ila ng'ombe mzima tulikuwa tunampita tu. Kama chuo chenu kina shamba, kuanzia wiki hii nenda alfajiri na daftari, upime ng'ombe kumi wasio na shida yoyote. Joto utalikuta kati ya 38 na 39.5, moyo 60 hadi 80 kwa dakika. Rudi saa tisa mchana uwapime walewale. Utaona joto limepanda na hakuna anayeumwa, ni jua la mchana tu. Ukishaliona kwa macho yako, hutamchoma sindano ng'ombe wa mtu bure.

Mapigo yatafute chini ya mkia, karibu na shina lake, kwa ncha za vidole viwili. Mara ya kwanza hutasikia kitu. Mimi siku tatu nzima nilikuwa naandika namba za kubuni, Mungu anisamehe. Rumeni, lile tumbo kubwa la kwanza, isikilize kwa ngumi: ikandamize kwenye lile shimo la ubavu wa kushoto, nyuma ya mbavu ya mwisho, utulie dakika mbili kamili. Itakuja kama wimbi na kuisukuma ngumi nje, mara mbili tatu hivi. Usiibe muda hapo.

Na kabla ya kushika chochote, simama mbali. Hesabu pumzi akiwa hajakuona, maana akishakamatwa hesabu imeharibika. Angalia kama anacheua, amesimamaje, kinyesi kikoje. Kisha uliza. Hapo kwenye kuuliza ndipo nilipoaibika.

Tulipelekwa kwa mama mmoja mwenye ng'ombe wawili wa maziwa. Mmoja amelala chini, shingo ameikunja, kichwa kimeegemea ubavuni. Mimi wiki hiyo nilikuwa nimetoka kusoma magonjwa ya kupe, kwa hiyo nikatangaza ndigana kabla hata ya kupiga magoti. Mwalimu hakunibishia. Aliniambia, "Shika masikio." Yalikuwa ya baridi. Kipimajoto kikasema 37.4. Nikapapasa tezi chini ya sikio na mbele ya bega, hazijavimba. Ndipo mwalimu akamgeukia mwenye mali: "Mama, kazaa lini huyu?" Jana jioni.

Ilikuwa homa ya maziwa, ambayo jina lake ni la uongo, haina homa kabisa: kalsiamu ya damuni imeshuka kwa sababu maziwa yameivuta. Tulimpa kalsiamu ya mshipani, polepole, mmoja wetu stetoskopu ikiwa kifuani muda wote, kwa sababu ukiikimbiza unaweza kuusimamisha moyo. Chupa haijaisha, misuli ikaanza kumtetemeka, akabeua, akanya, na baada ya muda akainuka. Mama akapiga vigelegele. Mimi nilikuwa natafuta pa kujificha.

Tangu siku ile nina mpangilio mmoja, haubadiliki: mbali, maswali, kichwa hadi mkia, halafu ndiyo nafungua mdomo. Hata jibu liwe wazi kiasi gani.

Kuhusu umbo dogo, usijitese. Ng'ombe wa kilo 400 hashindwi nguvu na yeyote kati yetu. Kazi ni ya kamba. Jifunze fundo unalolifungua kwa kuvuta ncha moja, na jifunze kumlaza: kitanzi shingoni, mzunguko mmoja nyuma ya miguu ya mbele, mwingine mbele ya kiwele, kisha vuta kwa nyuma mfululizo bila kushtua. Analala mwenyewe. Darasani kwetu aliyekuwa hodari kuliko wote kwa hili alikuwa dada mmoja mwembamba kama fito.

Kipimajoto kifunge uzi na kibanio, ukibane kwenye manyoya ya mkia. Changu kilizama chote ndani, nikakifuata kwa mkono mbele ya wenzangu.

Halafu chanjo ya kichaa cha mbwa: uchome kabla ya kliniki, si baada. Ng'ombe anayetoka mate na kushindwa kumeza, kila mtu atakwambia amekwamwa na embe, na wewe utashawishika kutia mkono mdomoni. Usiutie mpaka umeuliza kama kuna mbwa aliyepita hapo akang'ata.

Kamba nunua ya pamba, mita 10 au 12. Ya nailoni inachubua viganja.