Gari ya Umeme Imenivunja Moyo: Niiweke au Niiuze?

Miaka miwili iliyopita, nilipoiteremsha Nissan Leaf yangu ya mwaka 2012 katika bandari ya Malindi hapa Unguja, Zanzibar, majirani wa Kiembesamaki walikuwa wakiniuliza imenigharimu kiasi gani na nani aliyeniagizia. Siku hizi wanaonipigia simu ni wale walionunua baada yangu, na swali lao ni jengine: gari haifiki mahali walipoambiwa itafika, je, waivumilie au waiuze warudi kwenye petroli? Nami nilikaa na swali hilo karibu miezi mitano, kwa hiyo naandika hapa jinsi nilivyolifungua, pamoja na makosa niliyoyafanya kabla ya kufika nilipofika.

Nianze na ahadi, kwa sababu nusu ya uchungu wangu ilitoka huko. Aliyeniuzia aliniambia gari inakwenda kilomita 200 kwa chaji moja. Baadaye niligundua kuwa namba hiyo hakuitunga, maana ndiyo iliyotangazwa Japani kwa kipimo cha huko, ambacho ni cha upole mno. Gari hiyo hiyo ilipopimwa na serikali ya Marekani ilipewa maili 73, yaani kilomita 117, nayo ilikuwa mpya. Kwa hiyo hata siku ilipotoka kiwandani, gari yangu isingeweza kwenda Nungwi, ncha ya kaskazini ya kisiwa, na kurudi mjini kwa utulivu wa moyo. Lililo baya zaidi ni vijiti. Pembeni mwa dashibodi ya Leaf kuna vijiti 12 vidogo vinavyoonesha afya ya betri. Kijiti cha kwanza hupotea betri inapopungukiwa na asilimia 15 hivi, na kila kinachofuata huondoka kwa upungufu wa asilimia 6 na kidogo. Yangu ilifika ikiwa na vijiti vyote 12. Baada ya miezi miwili vilibaki 9. Kumbe kumbukumbu ya kompyuta ya betri inaweza kufutwa ili vijiti virudi vyote kwa muda, kisha gari ikitumika huanguka kimoja kimoja hadi kufika kwenye ukweli wake. Nani aliyeifuta, huko Japani au njiani, sijui, na anayesema kuwa si yeye hana namna ya kuthibitisha wala mimi sina namna ya kukanusha.

Siku niliyoapa kuwa gari hii lazima iondoke nyumbani kwangu ilikuwa Jumapili moja, nikirudi kutoka Makunduchi kumwangalia mama. Kutoka kwangu hadi kwake ni kama kilomita 60, na nilikwenda nikijidanganya kwamba za kurudi zitapatikana tu. Nilipopita Kitogani, nikikaribia msitu wa Jozani, taa ya kobe iliwaka. Ndiyo, waliotengeneza gari hii waliweka picha ya kobe, na inapowaka nguvu hukatwa na gari hutambaa kama kobe mwenyewe. Nilijikokota hadi penye nyumba chache, jua likizama. Vijana walikuja na kamba wakitaka kunivuta, nikawazuia, kwa sababu magurudumu ya mbele ya Leaf yameungana na mota na hayafai kubururwa yakiwa chini. Nilikuwa na waya wa chaji kwenye buti. Mzee mwenye duka alinipa soketi yake kwa moyo mmoja, lakini chaja iliwasha taa nyekundu na kukataa katakata, kwa sababu nyumba haikuwa na waya wa ardhi. Nyumba ya tatu ndiyo iliyokuwa nao. Nikakaa hapo kwa muda wa saa tatu, nikapewa chai na muhogo, nikaondoka na umeme wa kunifikisha nyumbani. Wenyeji walikataa kupokea malipo ya uniti zao, na aibu ya hilo iliniuma kuliko kobe.

Usiku ule ningeiuza gari kwa bei yoyote. Nashukuru hapakuwa na mnunuzi, kwa kuwa hasira ya usiku mmoja haisemi gari ina ubaya gani hasa, na mtu asiyejua ubaya ulipo hawezi kujua kama unatibika.

Kwa hiyo shauri langu la kwanza ni kupima. Anza na kile kidogo: gari ya umeme nayo ina betri ya kawaida ya volti 12, kama ya gari yoyote, na ikichoka gari huwasha taa za onyo za kila rangi au hukataa kuwaka kabisa, hata kama betri kubwa ni nzima. Rafiki yangu mmoja wa Fuoni aliambiwa na fundi wake kuwa gari yake imekufa, akawa anatafuta wa kumuuzia vipuri, kumbe tatizo lilikuwa ni betri hiyo ndogo inayouzwa katika maduka ya vipuri hapa hapa mjini. Baada ya hapo ndipo uende kwenye betri kubwa. Kuna kifaa kidogo kinachochomekwa chini ya usukani na kuwasiliana na simu, na kwa Leaf kuna programu iitwayo LeafSpy, ambayo huonesha asilimia ya afya iliyobaki na volti za kila jozi ya seli. Yangu ilisoma asilimia 70. Betri ya uniti 24 (kilowati-saa), uniti zile zile tunazozinunua kwa Tukuza, mita yetu ya umeme wa kulipia kabla, imebakia na takriban 17, na gari haikuachii uzitumie zote. Kwa kuwa kila uniti hunipeleka kilomita 6 hadi 7, zile kilomita 90 na kitu nilizokuwa nikizipata hazikuwa maradhi ya ghafla, ndizo zilizobaki.

Hapo ipo tofauti kubwa ambayo wengi huipita. Ikiwa seli zote zimeshuka pamoja, betri imezeeka tu, na itaendelea kuzeeka polepole. Ikiwa seli chache zimeachwa nyuma na nyengine ziko juu, gari itazima mapema kwa ajili ya hizo chache. Betri hiyo ina moduli 48, yaani vifurushi vya seli, na fundi anayejua kazi anaweza kubadilisha moduli mbovu bila kugusa nyengine. Nasema anayejua kazi kwa kusisitiza, kwa kuwa ndani mna volti zinazokaribia 400 za umeme wa mkondo mmoja (DC), na nyaya za rangi ya chungwa hazikupakwa rangi hiyo kwa urembo. Fundi wa gari wa kawaida, hata awe hodari vipi kwa injini, asiifungue.

Baada ya kupima gari nilijipima mwenyewe. Nilichukua daftari la mwanangu wa skuli, nikaandika kwa siku 30 kila nilikokwenda na kilomita nilizotembea. Matokeo yalinishangaza, maana kichwani mwangu mimi ni mtu wa safari ndefu. Katika siku 30 hizo, siku 26 sikuvuka kilomita 45: nyumbani, skuli, kazini Vuga, sokoni Mwanakwerekwe, msibani, nyumbani. Siku mbili nilikwenda Makunduchi. Siku mbili gari haikutoka kabisa. Gari niliyokuwa nikiitukana kila siku ilikuwa ikinishinda mara mbili tu kwa mwezi, na mara zote mbili ni njia moja.

Swali langu likawa dogo kuliko nilivyodhani. Sikuhitaji kuamua juu ya gari. Nilihitaji kuamua juu ya Makunduchi. Nilimwita fundi umeme, akafukia chuma cha ardhi nyumbani kwa mama, akavuta waya mnene wa peke yake kutoka kwenye mita na kuweka soketi moja nje, chini ya kipenu. Sasa nikifika Jumamosi jioni naichomeka, nalala kwa mama, na alfajiri imejaa. Chaja yangu ni ya ampea 10, inatoa uniti 2 na kidogo kwa saa, hivyo usiku mmoja unatosha. Jioni volteji ya shamba hushuka na mara mbili chaja ilijizima, ndipo nilipojifunza kuipanga ianze baada ya saa tano usiku. Mama anasema tangu zamani hajaniona nikilala kwake mara nyingi hivi, na kwamba gari mbovu ina heri yake. Uniti namlipia, tena namzidishia.

Lakini jibu langu si la kila mtu. Jirani yangu, dada anayefanya kazi katika hoteli moja Nungwi, ana Leaf ya umri huo huo na afya hiyo hiyo. Yeye safari yake ya kila siku inazidi kilomita 110 kwenda na kurudi, hotelini hana ruhusa ya kuchaji, na zamu zake humalizika usiku. Alipokuja kutaka shauri sikumaliza hata kikombe cha kahawa kabla ya kumwambia auze. Kukaa na gari inayokutia hofu siku 5 katika 7 ni kujiadhibu. Aliiuza kwa kijana wa Mpendae anayezunguka mjini tu, na kabla ya kupokea fedha alimwonesha picha za LeafSpy na kumpeleka barabarani hadi chaji ikashuka. Kuficha aibu ya bidhaa tunajua dini inasemaje, na zaidi ya hayo kisiwa ni kidogo; mnunuzi utakutana naye Darajani kesho.

Njia ya tatu ni kubadilisha betri nzima, na nilikuwa na tamaa nayo sana. Betri za uniti 40 zinazotoka katika Leaf zilizoanza kutengenezwa mwaka 2017 zinaweza kufungwa katika gari kongwe kwa kuongezewa kifaa cha kuzifanya zielewane na kompyuta ya zamani. Lakini betri kama hiyo ina uzito wa kilo 300 hivi, husafirishwa kama mzigo wa hatari, na bei niliyotajiwa ilikaribia ile niliyonunulia gari yenyewe, bila ya kazi na bila ya dhamana. Kwa gari yenye bodi ya mwaka 2012, iliyoanza kula chumvi ya bahari chini ya milango, sikuona mantiki. Mwenye gari yenye bodi nzima na fundi wa kweli karibu naye anaweza kuhesabu tofauti.

Kuhusu hesabu, kuna kosa moja nililolirudia miezi yote mitano. Kila nilipotaka kuuza, nilikumbuka fedha nilizolipa, ushuru nilioulipa na usajili, nikasema siwezi kukubali hasara. Fedha hizo zimekwenda, niuze au nisiuze. Kinachobaki ni hiki: nikiuza leo nitapata kiasi gani, nitaongeza kiasi gani kupata gari nyengine, na kila mwezi nitalipa nini? Mimi hutembea karibu kilomita 1,000 kwa mwezi. Kwa umeme, ukiweka na kinachopotea wakati wa kuchaji, ni uniti 165 hivi. Kwa Toyota IST inayokwenda kilomita 13 au 14 kwa lita, ni lita zipatazo 75. Chukua bei ya mafuta inayotangazwa kila mwezi na ZURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za maji na nishati Zanzibar, chukua risiti yako ya Tukuza, zidisha mwenyewe. Ongeza upande wa petroli oili na chujio zake. Upande wa umeme usisahau breki, ambazo haziliki upesi kwa sababu mota husaidia kupunguza mwendo, lakini kwa kutotumika sana hushika kutu kwa hewa yetu ya bahari, na yangu nilizisafisha mara mbili.

Ukiamua kubaki nayo, ilinde na joto, kwa sababu betri ya Leaf haina mfumo wa kuipoza na hutegemea hewa tu. Baridi inayowasumbua wenzetu wa Ulaya hapa haipo, lakini jua la Januari na Februari linatosha kuila. Mimi naiegesha chini ya mwembe, siiachi imejaa asilimia 100 juani, na siku za kawaida nachaji usiku hadi asilimia 80. Wala siishushi hadi kobe atokee. Sisi wa Unguja tuliokaa gizani bila ya umeme miezi mitatu, kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, tuna sababu yetu wenyewe ya kutolala na betri tupu.

Nimejiwekea pia mpaka. Kila mwanzo wa mwezi nasoma afya ya betri na kuiandika nyuma ya lile daftari. Siku gari itakaposhindwa kunipa kilomita 65 huku kipoza hewa kikiwa kimewashwa, yaani za kwendea Makunduchi na akiba ndogo, nitaiuza bila ya mjadala, na mke wangu ameshatia saini chini ya namba hiyo. Mwezi huu imesoma asilimia 67, na Jumamosi iliyopita nilipofika kwa mama dashibodi ilinionesha zimebaki kilomita 24.