Usijibu "yes" ikaishia hapo

Mwaka wangu wa kwanza mapokezi, kwenye hoteli moja Zanzibar, mama mmoja Mwingereza aliniuliza: "The car isn't here yet?" Kweli gari lilikuwa halijafika. Nikamjibu, "Yes, madam." Akashukuru, akabeba begi lake, akatoka. Baada ya kama dakika 20 nikamkuta getini, kasimama juani, uso umemwiva, anaangalia barabara tupu. Alichosikia yeye ni kwamba gari limefika.

Sisi mtu akituuliza "Hujala?" tunajibu "Ndiyo, sijala." Ndiyo yetu inakubaliana na muulizaji: ulivyosema ndivyo. "Yes" haijali swali limeulizwaje, inaangalia jambo lenyewe. Gari lipo, "yes". Halipo, "no", hata kama aliyeuliza ameshakanusha. Ndiyo maana mtu mwenye Kiingereza safi kabisa bado hunaswa hapa.

Zamani Waingereza walikuwa na maneno mawili ya kukubali. Swali la kawaida walilijibu "yea", na "yes" ikawekwa kwa swali la kukanusha, pale unapotaka kumpinga muulizaji: hapana, gari lipo! Wafaransa mpaka leo wanatenganisha "oui" na "si" kwa namna hiyo. Kiingereza kiliiacha "yea" ikafifia, "yes" ikabeba mizigo yote miwili.

Vijana wanaoanza kazi nawaambia: malizia na kitenzi. "No, it isn't." "Yes, it is." Hata ukiteleza kwenye neno la kwanza, mgeni ataguna na kukuuliza tena. Bora zaidi, mpe habari yenyewe: "It's still on the way." Mimi ndivyo nifanyavyo tangu siku ile.

Kuna na "Do you mind if I sit here?" Hapo anauliza kama utaona vibaya akikaa. Ukimjibu "yes" kwa ukarimu wote, umemfukuza. Sema "Not at all" umsogezee kiti.

Na wenye ndugu ughaibuni, tafadhali waelezeni hili kabla hawajaingia kwa daktari. Nesi akiuliza "You're not allergic to penicillin?" na dawa hiyo inakudhuru, usitikise kichwa ukanyamaza. Sema "Yes, I am," kisha utaje penisilini kwa jina, na umwambie ilikufanya nini mara ya mwisho.