Tovuti ya Shule Inapoanguka Siku ya Matokeo

SWALI: Ndugu Mshauri, mimi ni mwalimu wa taaluma katika shule ya sekondari ya binafsi hapa Morogoro, na ndiye ninayesimamia tovuti yetu, ambayo imejengwa kwa WordPress, programu ya kutengenezea tovuti. Kila mwaka tunalipia kifurushi cha seva ya pamoja kilichotangazwa kuwa ni cha “bila kikomo”. Kwa miezi kadhaa tovuti hufanya kazi vizuri, lakini kila tunapobandika matokeo ya muhula, wazazi huambulia ukurasa mtupu wenye namba 508, na hali hiyo hudumu hadi usiku wa manane. Fundi aliyetujengea tovuti anashauri tuhamie kwenye seva yetu wenyewe, ambayo gharama yake ni zaidi ya mara kumi ya tunayolipa sasa. Je, hatuna njia nyingine? Na kwa nini barua pepe za shule huangukia kwenye folda ya taka za wazazi? (Mwalimu, Morogoro)

JIBU: Ndugu Mwalimu, nakuomba msisaini mkataba wowote wa kuhama kabla hamjajua ni kitu gani hasa mnachokikodi sasa, kwa sababu naamini tatizo lenu linatibika ndani ya kifurushi mlicho nacho.

Seva ya pamoja ni kompyuta moja yenye nguvu inayobeba tovuti nyingi, mara nyingi mamia, mfano wa nyumba ya kupanga yenye vyumba vingi na mita moja ya LUKU. Kila mpangaji ana ufunguo wa chumba chake, lakini anwani ya nyumba, yaani anwani ya IP, kwa kawaida ni moja kwa wote. Kinachomfikisha mgeni kwenye chumba sahihi ni kwamba kivinjari, kinapobisha hodi, hutaja jina la tovuti kinayoitafuta, utaratibu uliowekwa rasmi katika HTTP 1.1, yaani kanuni za mazungumzo kati ya kivinjari na seva, mwaka 1997. Umeme, hata hivyo, unabaki wa wote, na mpangaji mmoja akiwasha jiko mchana kutwa, uniti za nyumba nzima huisha. Ndiyo maana wenye seva humpimia kila mteja sehemu yake ya prosesa (ubongo wa kompyuta), sehemu yake ya kumbukumbu, na idadi ya maombi ya kufunguliwa kurasa yanayoweza kushughulikiwa kwa wakati mmoja. Kwenye seva zinazotumia CloudLinux, mfumo uliotengenezwa kwa ajili ya kazi hii, akaunti inayojaza idadi hiyo ya maombi hurudishiwa namba 508. Kwa hiyo namba mnayoiona inawaambia jambo muhimu sana: hamkuangushwa na jirani, bali nyinyi wenyewe mmefikia kipimo chenu.

Utauliza kipimo kimetoka wapi ilhali mliuziwa “bila kikomo”. Maneno hayo huhusu nafasi ya diski na kiasi cha data kinachosafirishwa, vitu ambavyo tovuti ya shule haikaribii kuvimaliza. Hayahusu kazi ya prosesa hata kidogo. Inaniuma kuona maneno haya yakiandikwa kwa herufi kubwa kwenye matangazo, huku mipaka halisi ikiachwa ndani ya masharti marefu ambayo mwalimu mwenye vipindi vyake hana muda wa kuyasoma. Iandikieni kampuni yenu na mdai jibu la maandishi: ni maombi mangapi kwa wakati mmoja, kumbukumbu kiasi gani, na idadi gani ya mafaili.

Tuchukulie kwamba kikomo chenu ni maombi 20 kwa wakati mmoja, idadi inayokutwa mara nyingi kwenye vifurushi vya bei nafuu. WordPress, isipopewa msaada, haiweki ukurasa uliokwisha kupikwa: kila mzazi anapobisha, programu huamka, huiuliza hifadhidata na kuupika ukurasa upya, hata kama mzazi wa sekunde iliyopita amepewa uleule. Upishi huo ukichukua sekunde 2, nafasi 20 zitatoa kurasa 10 tu kwa sekunde. Ujumbe wenu ukiingia kwenye kundi la WhatsApp saa 2 usiku, mamia hufungua ndani ya dakika hiyohiyo, na kila anayekutana na 508 hujaribu tena na tena. Mkiupunguza upishi huo hadi sekunde 0.2, nafasi zilezile 20 zitatoa kurasa 100 kwa sekunde, bila kuongeza hata shilingi moja.

Njia ya kufika hapo ni kuweka programu-jalizi (programu ndogo ya kuongezea WordPress uwezo) ya kache, ambayo huhifadhi ukurasa uliokwisha kupikwa na kuutoa kama ulivyo. Matokeo yenyewe yawekeni katika faili la PDF, moja kwa kila darasa, kwa kuwa faili la namna hiyo haliipi seva upishi wowote. Humo andikeni namba za wanafunzi badala ya majina. Alama za mtoto si habari ya kila mpita njia. Na kama mna kurasa ambazo mzazi huingia kwa nenosiri, ziondoeni kabisa kwenye kache, la sivyo mzazi mmoja anaweza kuoneshwa taarifa za mtoto wa mwenzake. Tangazo nalo litumeni darasa baada ya darasa, mkiacha nusu saa katikati.

Kwenye barua pepe, majirani wanaweza kuhusika kweli. Mmoja akituma barua za ulaghai kupitia seva hiyo, anwani ya IP mnayochangia nao huingizwa kwenye orodha ya watumaji wasioaminika, na barua zenu hubebeshwa lawama hiyo. Iombeni kampuni ichunguze anwani hiyo, na mhakikishe kwamba jina lenu la kikoa, yaani jina la tovuti yenu, lina rekodi za SPF na DKIM, ambazo huthibitisha kwamba barua imetoka kwenu kweli.

Kuhusu seva yenu wenyewe, gharama ninayoihofia zaidi si ile iliyo kwenye ankara. Leo kampuni ndiyo inayosasisha mfumo wa seva na kuziba mianya yake. Mkihama bila kulipia uangalizi, kazi hiyo itakuwa yenu kila wiki, na shule yenu haijaajiri mtu wa kuifanya.

Kabla ya muhula kufungwa, chagueni jioni moja ya kawaida, walimu 30 wafungue ukurasa wa matokeo kwa pamoja kwenye simu zao, nawe uwe umefungua ukurasa wa matumizi ya rasilimali ndani ya cPanel, yaani paneli ya kusimamia akaunti yenu ya seva. Fanyeni hivyo kabla ya kuweka kache na baada ya kuiweka. Ikiwa mara ya pili mstari wa matumizi kwenye ukurasa huo bado unagonga kikomo, ombeni kifurushi cha juu zaidi katika kampuni hiyohiyo, kisha mpime tena.