Parsele ina mawe, mfuko ni mdogo: ninunue mashine gani ya kukata nyasi?

Barua za mwezi huu zimetoka Goma, Bukavu na Lubumbashi, na zote zinazungumzia nyasi za nyumbani. Tumezijibu kwa pamoja, kwa sababu jibu la mmoja linamfaa na mwingine.

Salamu kwenu. Tunaishi Himbi, parsele ya mita 20 kwa 30. Nyasi ni pasipalamu, imepandwa kwenye udongo uliomwagwa juu ya mawe ya volkeno. Zamu wetu, mlinzi wa nyumba, anaikata kwa kupekupe (panga la kufyekea) siku mbili nzima, na bado inabaki mabaka mabaka. Dukani nimeonyeshwa mashine kubwa ya esanse (petroli), muuzaji anasema yenye nguvu ndiyo inayodumu. Pesa yangu si nyingi. Nifanyeje? (Mama wa Himbi, Goma)

Mama, chukua futi upime nyasi zenyewe, usipime parsele. Ukiondoa nyumba, njia ya gari, sitani ya maji na sehemu ya kuanikia nguo, mara nyingi mita mraba 600 zinabaki 200 tu za nyasi. Mashine yenye upana wa kukata wa sentimita 40, ikisukumwa kwa mwendo wa kawaida pamoja na kugeuka kwenye kona, inamaliza eneo hilo kwa dakika 20 hivi. Kwa hiyo ile kubwa ya sentimita 50 haikupunguzii kazi ya maana. Inakuongezea uzito, esanse, na kisu cha bei kali zaidi kitakapovunjika.

Na kwa Goma kisu kitagonga jiwe, hilo lihesabu tangu sasa. Elewa kinachotokea. Kwenye mashine za kawaida za esanse, kisu kimefungwa moja kwa moja chini ya ekseli ya injini, ile mafundi wanayoiita vilebreke. Kinazunguka karibu mara 3,000 kwa dakika, na ncha ya kisu cha sentimita 40 inakwenda zaidi ya kilomita 200 kwa saa. Kikikutana na jiwe dogo, jiwe linaruka kama risasi. Kikikutana na jiwe lililoota mizizi, kisu kinasimama ghafla huku injini bado inataka kuzunguka, na hapo lazima kitu kimoja kivunjike.

Waliotengeneza mashine waliliwazia jambo hilo. Juu ya injini kuna volani, gurudumu zito linalobeba sumaku ya kuwashia buji (plagi). Katika injini nyingi za aina hii, volani inashikanishwa na ekseli kwa klaveti, kipande cha chuma laini kisichozidi urefu wa ukucha. Kimewekwa laini kusudi kikatike chenyewe na kuokoa ekseli. Dalili ya klaveti iliyokatika ni hii: baada ya kugonga jiwe, injini haiwaki tena, au ukivuta kamba inakurudishia mkono kwa nguvu, au inalipukalipuka bila kushika mwendo. Watu wengi hapo wanabadilisha buji na kufungua kabureta bure. Mwambie fundi afungue volani aangalie klaveti. Ikiwa imekatika hata nusu, iwekwe mpya ya aina ileile. Akikuambia anachonga nyingine kutoka kwenye msumari, mkatalie. Msumari hautakatika, na jiwe la pili litapinda ekseli, ambayo kuibadilisha kunakaribia bei ya mashine nyingine.

Kwa parsele yako tunashauri hivi: mashine ya esanse ya mipigo minne, injini ya sisi (cc) 125 hadi 145, upana wa sentimita 40 hadi 42, mwili wa bati la chuma. Iwe ya kusukuma kwa mkono tu. Ile inayojiendesha yenyewe ina mkanda na giya za magurudumu, na hivyo ni vipuri viwili zaidi vya kutafuta mjini. Usishuke chini ya sisi 125 ili kuokoa pesa: Goma iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na tabo inapoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000. Pale Himbi asilimia 15 imekwisha kwenda kabla hujagusa jani.

Jambo la kukagua kuliko yote ni kimo cha kukatia. Mashine ikiweza kupanda hadi sentimita 7, ichukue. Ikiishia 5, iache dukani. Pasipalamu inapenda kukatwa kwenye sentimita 5 hadi 7, na kila sentimita unayopanda ni mawe mangapi unayoyaruka! Kabla ya kulipa, muulize muuzaji akuonyeshe kisu cha akiba na klaveti ya akiba. Asipokuwa navyo, nenda duka jingine.

Kisha iandae parsele. Tembea na fimbo ya chuma, gonga kila hatua. Jiwe linalotikisika ling'oe. Lisilotikisika ama lifukie kwa udongo wa sentimita 10, ama lipake chokaa lionekane, na nyasi zinazolizunguka zamu azimalizie kwa kupekupe. Rudia kila baada ya mvua kubwa, maana maji yanaondoa udongo na jiwe jipya linachomoza pale ulipopita salama wiki iliyopita. Watoto wakae ndani mpaka injini inyamaze.

Parsele yetu ya Muhumba inashuka kuelekea ziwani. Je, mashine ya magurudumu itafaa? (Papa wa Bukavu)

Papa, chukua ubao ulionyooka wa mita moja. Weka ncha moja juu ya mteremko, ulaze sawasawa kwa kutumia chupa ya maji kama pima-maji, halafu pima nafasi iliyobaki chini ya ncha ya pili. Ikiwa ni sentimita 27 au pungufu, mteremko wako hauzidi digrii 15, na mashine ya magurudumu inafaa. Ikate kwa kuvuka mteremko, toka upande hadi upande, wala si kwa kupanda na kushuka. Ukipanda na kuteleza, mashine inakurudia miguuni. Ukishuka, inakuvuta.

Ikizidi hapo, acha. Mbali na hatari ya kuteleza, injini ndogo nyingi za mipigo minne hazina pampu ya mafuta. Zina kijiko kinachorusha mafuta toka chini ya injini, na ikilala sana upande mmoja kijiko kinapiga hewa. Injini inajikaanga bila dalili mpaka siku inakwama.

Kwa mteremko mkali nunua mashine ya kufyeka ya begani, yenye uzi wa nailoni wa milimita 2.4. Nyingi ni za mipigo miwili, kwa hiyo esanse inachanganywa na mafuta ya mipigo miwili. Soma kwenye kizibo cha tangi: ikiandikwa 50:1, ni mililita 20 kwa lita moja ya esanse. Ikiandikwa 25:1, ni mililita 40. Usipime kwa kizibo cha chupa. Nunua sindano ya mililita 20 kwenye famasia, kipimo kitakuwa sawa kila mara. Mafuta yakipungua, pistoni inakwama kwenye silinda. Yakizidi, buji inajaa masizi. Vaa miwani ya kazi na suruali nzito, na mtu mwingine asikaribie ndani ya mita 15.

Niko Lubumbashi, mtaa wa Golf, nyasi zangu ni mita mraba 120. Jirani ananiuzia mashine ya umeme ya wati 1,400 kwa bei nzuri. Lakini umeme wetu unakuja na kwenda, na ukija mara nyingine ni dhaifu. Nichukue?

Chukua, ikiwa jirani atakuruhusu kuijaribu kwako. Kwa eneo dogo, mashine ya umeme ndiyo isiyo na gharama za nyuma: hakuna buji, hakuna kabureta, hakuna mafuta ya kubadilisha. Kazi yako haifiki nusu saa, basi unaweza kusubiri umeme urudi.

Shida halisi ni umeme dhaifu. Volti zikishuka, kisu kinapunguza mwendo na kuanza kuchana nyasi badala ya kuzikata, ncha zinageuka kahawia kesho yake, na mota inachemka. Siku kama hiyo pandisha kimo, kata ukanda mwembamba wa nusu ya upana wa mashine, na pumzika kila dakika 10. Ukisikia harufu ya plastiki inayoungua, zima.

Ralonji, yaani waya wa kurefushia umeme, usiibanie pesa. Nyaya nyembamba zinakula volti ambazo tayari ni chache. Kwa umbali wa mita 50 nunua waya wa milimita mraba 2.5. Ule wa 1.5 uishie mita 25. Kama uko kwenye ringi, ikunjue yote hata kama unahitaji mita 10 tu, maana waya uliojiviringisha unapata joto hadi plastiki inayeyuka. Anza kukata karibu na soketi ukiwa unakwenda mbali, ili waya ubaki nyuma yako, kwenye nyasi zilizokwisha katwa. Usikate nyasi zenye umande, na mahali unapochomeka pawe na kikata-umeme cha miliampea 30, kile kinachoruka mara moja waya ukichanika.

Ukitaka kuitumia kwa grupu (jenereta), iwe ya kVA 2.5 au zaidi, kwa sababu mota inapoanza inavuta zaidi ya wati zilizoandikwa.

Na kwa wale wenye chini ya mita mraba 100 zilizo tambarare, bila mawe wala vichuguu: ipo mashine ya silinda ya kusukuma, isiyotumia chochote. Inakata kama mkasi, safi kuliko zote. Lakini nyasi zikipita sentimita 10 zinalala chini ya silinda bila kukatika, kwa hiyo inamtaka mtu wa kukata kila wiki bila kukosa.

Mitumba ya mashine za nyasi imejaa Goma. Nitaitambuaje nzima? (Msomaji wa Katindo)

Gusa injini kabla ya kuwashwa. Ikiwa ya moto, muuzaji ameiwasha kabla hujafika, na mashine ngumu kuwaka huficha ugonjwa wake hivyo. Subiri ipoe.

Kisha toa waya wa buji, na buji yenyewe ifunguliwe. Ilaze mashine ubavu huku kichujio cha hewa na kabureta vikiangalia juu. Ukiilaza kinyume, mafuta yanaingia kwenye kichujio na itatoa moshi mweupe ambao si kosa lake. Shika kisu kwa kitambaa kinene, kizungushe polepole, na jicho lako liwe kwenye kichwa cha boliti ya katikati. Boliti ikizunguka palepale, ekseli imenyooka. Boliti ikicheza hata kidogo, kama kichwa cha mlevi, ekseli imepinda. Hapo usijadili bei, ondoka. Muuzaji akisema ni kisu ndicho kilichopinda, kisu kinaweza kupinda kweli, lakini boliti haichezi kwa ajili ya kisu.

Angalia pia kutu chini ya bati: ukisukuma bisibisi ikapenya, mawe yatapenya vilevile. Kisu chenye meno si tatizo. Kinolewe kwa tupa kwa pembe ya digrii 30, idadi ileile ya mikwaruzo kila upande, halafu kitundikwe kwenye msumari kwa tundu lake la katikati. Upande ukishuka, ongeza tupa upande huo mpaka kikae sawa. Kisu kisicho na mizani kinatetemesha injini na kulegeza kila boliti.

Mashine yangu ilikata vizuri mpaka mwezi wa tano. Sasa mvua imeanza Lubumbashi, nyasi zimepanda, nayo haiwaki kabisa.

Ni esanse ya zamani. Baada ya mwezi mmoja hivi inaanza kuharibika, na kwenye kabureta inaacha gundi ya kahawia inayoziba jikleri, kile kitundu kinachopitisha esanse. Mwaga yote, fungua kikombe cha kabureta, safisha jikleri kwa uzi wa kuvulia samaki. Waya wa chuma unapanua tundu lake. Safisha buji, nafasi yake iwe milimita 0.7 hadi 0.8. Weka esanse mpya, na ikiwa ni ya wakadhafi, wale wauza esanse wa barabarani, kwanza iache nusu saa kwenye chupa nyeupe: maji yatakaa chini. Dondosha tone moja kwenye karatasi pia. Esanse safi inakauka upesi bila kuacha alama, iliyochanganywa na mafuta ya taa inaacha doa.

Mwakani, siku ya mwisho ya kukata, funga bomba la esanse na uiache injini iendelee mpaka izime yenyewe. Na kwa sasa nyasi zikiwa za sentimita 20, usizishushe zote leo. Kata theluthi moja, ngoja siku nne au tano, ndipo urudi na kimo cha chini.