Bunduki kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri

Kaka, umeuliza kama bunduki ya jeshi inafyatuka kweli kwenye baridi ya Urusi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Inafyatuka, ila mafuta ndo yanaiangusha kwanza. We uko Kigoma unajua mawese yanavyoganda kwenye dumu asubuhi za mwezi wa saba, sasa oili ya bunduki nayo inakuwa nzito hivyohivyo, bolti (kile chuma kinachosogea kuingiza risasi) inaenda kivivu na pini ya kufyatulia inagonga kitako cha risasi kinyonge mpaka haiwaki, Wajerumani yaliwakuta hayo karibu na Moscow majira ya baridi ya 1941. Ndo maana askari wanaifuta oili wanabakiza kidogo sana, au wanaweka ile nyepesi ya baridi.

Wengi wanachosahau ni unyevu. Ukiiingiza kwenye hema lenye joto inatoa jasho, ukitoka nayo jasho lote linageuka barafu ndani kwa ndani, kwa hiyo bora ilale nje imefunikwa.

Darubini ya kulengea iliyo juu ya bunduki ndo mtihani kabisa, pumzi yako tu ikigusa lenzi ukungu unaganda hapohapo huoni kitu, na zile za betri zinakata chaji mapema, japo za lithiamu zinavumilia zaidi. Simo Häyhä, yule mdunguaji wa Ufini vita na Wasovieti ya 1939 mpaka 1940, alitumia kilengeo cha chuma tu, bila darubini. Halafu baruti ikipoa risasi inapungua kasi inapiga chini, so lazima warekebishe kilengeo upya wakiwa kwenye baridi hiyohiyo.