Maswali Yenu Kuhusu Turbo na Mlio wa Injini

Karibu maswali yote niliyochagua safari hii yanahusu jambo ambalo nimelipenda tangu utotoni: injini ikifungwa turbo (kifaa kinachotumia nguvu ya moshi kuisukumia injini hewa zaidi), mlio wake hubadilika vipi, na kwa nini. Yaliyofanana nimeyaunganisha.

Kijana wa Umoja anauliza: "Nikisikiliza magari ya kasi ya miaka iliyopita, yasiyo na turbo, yanalia kwa sauti nyembamba inayopaa mpaka mwili unasisimka. Ya siku hizi yananguruma tu. Turbo inaipeleka wapi ile sauti?"

Kijana wangu, tuanzie mahali sauti inapozaliwa. Kila mara valvu ya kutolea moshi inapofunguka, gesi yenye joto na shinikizo kubwa huchomoka kwa kishindo na kuingia kwenye bomba, na vishindo hivyo vinapofuatana upesi sikio huviunganisha na kuvisikia kama noti moja. Katika injini isiyo na turbo, vishindo husafiri bila kizuizi kikubwa hadi kwenye kataliti (kisafisha moshi) na sailensa. Katika injini yenye turbo, hukutana kwanza na tabini, gurudumu dogo lenye mapanga ambalo huweza kuzunguka zaidi ya mara 150,000 kwa dakika, na ambalo halina chanzo kingine cha nguvu isipokuwa moshi huohuo. Sehemu ya nishati ambayo ingetoka nje ikiwa joto na sauti hugeuzwa kuwa kazi ya kusukuma hewa kuingia kwenye silinda. Kila pigo hutoka upande wa pili likiwa limelainishwa kingo zake, na kingo hizo kali ndizo zilizobeba sauti nyembamba unayoikumbuka. Mngurumo mzito hupita, ukali hubaki nyuma.

Upande wa kuingizia hewa nao hunyamazishwa. Injini isiyo na turbo ikikanyagiwa mafuta hutoa mlio wa kuvuta hewa unaosikika mpaka kwenye kiti cha dereva, na kwa maoni yangu nusu ya uzuri wa injini za zamani ulikuwa hapo. Turbo huweka kompresa (gurudumu linalosukuma hewa), mabomba marefu na intakula (kipoza hewa) kati ya sikio lako na silinda, na mlio huo hupotelea humo njiani.

Kuna sababu nyingine ambayo watu wengi huisahau. Turbo huiwezesha injini kutoa nguvu nyingi katika mizunguko michache, kwa hiyo wahandisi hawana haja ya kuipandisha juu sana. Chukua Ferrari 458 Italia ya mwaka 2009, yenye injini ya V8 ya lita 4.5 isiyo na turbo, inayofika mizunguko 9,000 kwa dakika. Injini ya silinda nane hulipua mara nne katika kila mzunguko, kwa hiyo kileleni hutoa mapigo 600 kwa sekunde. Mrithi wake wa mwaka 2015, Ferrari 488 GTB, ana V8 ya lita 3.9 yenye turbo mbili, na hukomea mizunguko 8,000, yaani mapigo 533 hivi. Kwa BMW M3 pengo ni kubwa zaidi: ile ya V8 ya lita 4 ilifika mizunguko 8,400, sawa na mapigo 560 kwa sekunde, ilhali ile ya mwaka 2014, yenye silinda sita na turbo mbili, hufika takribani mizunguko 7,500, na silinda zake sita hulipua mara tatu tu kwa mzunguko, hivyo mapigo ni 375 hivi. Noti yenyewe imeshuka, na hakuna sailensa itakayoipandisha. Ferrari ya turbo ina nguvu za farasi 670 dhidi ya 570 za ile ya kwanza, na sitamlaumu anayeichagua. Mimi sikio langu bado linaichagua 458.

Dada wa Ngong anauliza: "Kaka yangu ana Subaru Impreza ya turbo ya mwaka 1999 inayonguruma kwa mdundo ambao majirani wanaujua kabla hajafika getini. Mume wangu ana Subaru Legacy ya turbo ya mwaka 2005 kutoka Japani, nayo haingurumi hivyo. Fundi ametuambia huenda turbo imechoka. Je, ni kweli?"

Dada, msitoe pesa bado. Mdundo ule hautokani na turbo hata kidogo, ingawa Nairobi nzima imezoea kuyataja mambo hayo mawili kwa pumzi moja. Injini ya Subaru ina silinda nne zilizolala, mbili kulia na mbili kushoto, na milipuko yake hufuatana kwa zamu ya 1, 3, 2, 4, ambapo namba 1 na 3 ziko upande mmoja, na namba 2 na 4 upande wa pili. Milipuko yenyewe imepangwa kwa nafasi sawa kabisa. Kinachoivuruga nafasi hiyo ni mabomba. Katika Impreza ya kaka yako, turbo imekaa upande wa kulia wa injini, kwa hiyo moshi wa silinda za kulia una safari fupi, na ule wa kushoto hulazimika kuvuka chini ya injini nzima kabla ya kuifikia tabini. Mapigo mawili huwahi, mawili huchelewa, na sikio husikia mdundo unaochechemea. Mabomba ya namna hiyo yakifungwa kwenye Subaru isiyo na turbo, mdundo huwapo vilevile.

Legacy za turbo za soko la Japani, kuanzia kizazi kile cha mwaka 2003, zilipewa turbo yenye njia mbili za kuingizia moshi pamoja na mabomba yenye urefu unaolingana, ili mapigo yasiingiliane na tabini iamke mapema. Gari likapata mwitikio mzuri zaidi katika mizunguko ya chini na likapoteza wimbo wake. Wako watakaowashauri mbadilishe mabomba ili mngurumo upatikane. Mnaweza, lakini mtakuwa mnanunua sauti kwa kulipia mwitikio wa injini, na mimi nisingefanya hivyo kwa gari zima lisilo na kasoro.

Msomaji wa Kasarani anauliza tofauti kati ya ule mluzi, ule mpumuo wa "pshh" na ile "tu-tu-tu" inayosikika mtu anapoachia akseleta.

Mluzi ni wa mapanga ya kompresa yakiikata hewa. Mpumuo hutokea unapoachia akseleta: mlango wa hewa hufungwa ghafla wakati kompresa ingali inasukuma, na valvu ndogo hufunguka ili hewa iliyobanwa ipate pa kutokea. Ikirudishwa kwenye bomba la kuingizia hewa, husikii kitu, ikitolewa nje, unasikia "pshh". Valvu hiyo ikiwa haipo, au ikiwa imekaza mno, hewa hurudi nyuma kupitia mapanga ya kompresa kwa mafungumafungu, na hiyo ndiyo "tu-tu-tu". Vijana wengi huiita sauti ya mlango wa kupitishia moshi wa ziada, ule unaoufanya moshi uikwepe tabini. Si kweli, kwa sababu mlango huo uko upande wa moshi na hauhusiki hapo. Kwa turbo inayosukuma shinikizo kubwa, kurudi kwa hewa namna hiyo huzielemea beringi za ekseli yake kila unapobadilisha gia, na kwa hiyo sipendekezi mtu aitafute kwa makusudi.

Msomaji anayesafiri kati ya Nairobi na Mombasa anasema turbo yake hupiga mluzi zaidi huku juu kuliko pwani, na kwamba marafiki zake wanamcheka anapolisema.

Wasikucheke. Nairobi iko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa hapa ni kama asilimia 82 ya lile la Mombasa. Injini isiyo na turbo hupungukiwa nguvu kwa karibu kiasi hichohicho, na mtu aliyeendesha gari dogo kupanda kutoka Mtito Andei anajua linavyozidi kuishiwa pumzi. Turbo inayosimamiwa na kompyuta hujaribu kufidia. Tuseme injini inataka hewa yenye shinikizo la baa 1.8, ambapo baa 1 ni takribani shinikizo la hewa ya pwani. Mombasa, kompresa huizidisha hewa ya nje mara 1.8; Nairobi inaanza na baa 0.82 tu, kwa hiyo inabidi iizidishe karibu mara 2.2. Haiwezi kufanya hivyo bila kuzunguka kwa kasi zaidi, na kadiri inavyozunguka kwa kasi ndivyo mluzi unavyopanda. Magari ya zamani ambayo mlango wake wa moshi huendeshwa kwa springi peke yake hayafidii namna hiyo, kwa kuwa springi hupima tofauti kati ya shinikizo la turbo na la hewa ya nje. Huko mluzi hubadilika kidogo, na nguvu hupungua zaidi.

Baba wa watoto wawili, aliyewapeleka Naivasha kutazama Safari Rally, anauliza kwa nini magari yale hulipuka kama bunduki yanapokaribia kona, na kama ni sababu hiyohiyo iliyopunguza sauti ya Formula One.

Ni turbo katika yote mawili, ila kwa njia zinazopingana. Katika rali, dereva akiachia akseleta tabini hupungua kasi, na akikanyaga tena husubiri mpaka izunguke upya. Ili kuepuka kusubiri huko, mfumo maalumu huruhusu hewa na mafuta viwake ndani ya mabomba ya moshi, kabla ya tabini, ili iendelee kuzunguka. Milipuko waliyoisikia watoto ni hiyo. Hula turbo haraka, na haifai kabisa kwa gari la kwenda kazini.

Formula One iliacha V8 za lita 2.4, zilizofika mizunguko 18,000, na kuingia kwenye V6 za turbo za lita 1.6 mwaka 2014. Mapigo ya V8 kileleni yalikuwa 1,200 kwa sekunde. V6 zinaruhusiwa mizunguko 15,000, lakini kanuni ya kiasi cha mafuta huzifanya zikae karibu na 12,000, yaani mapigo 600, nusu kamili. Juu ya hayo, mota ya umeme iliyounganishwa na turbo ilikuwa ikivuna nishati ya moshi, na sauti ikazidi kufifia. Kuanzia mwaka 2016 magari yalilazimika kuwa na bomba la pekee kwa moshi unaoikwepa tabini, kwa lengo la kurudisha sauti. Ilisaidia kidogo.

Wasomaji watatu wanauliza kama kuondoa sailensa kutarudisha sauti ya zamani, na kama ni kweli kwamba baadhi ya magari hutoa mlio kwenye spika.

Kuondoa sailensa huongeza ukubwa wa sauti tu. Ukali uliochukuliwa na tabini haurudi. Majirani wako watakosa usingizi bure, na kanuni za mwaka 2009 za kudhibiti kelele, zinazosimamiwa na NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, zinakuhusu. Kuhusu spika, ni kweli: BMW M5 ya turbo iliyotoka mwaka 2011 hupitisha mlio wa injini kwenye spika za redio, na watengenezaji wengine wamefuata. Silipendi jambo hilo. Dereva anayetegemea sikio lake kujua hali ya injini anastahili kuisikia injini yenyewe.

Na hilo linanileta kwa msomaji wa Rongai, ambaye turbo yake ilikuwa na mluzi mwembamba na sasa inalia kama king'ora cha ambulensi, huku gari likikosa nguvu.

Ndugu yangu, usiendelee kuliendesha. Mlio huo mara nyingi humaanisha kwamba beringi zimelika na mapanga yanagusa ganda, au kwamba hewa inavuja kwenye mpira uliopasuka. Mwambie fundi aanze na mipira na vibano vyake, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi rahisi, kisha afungue bomba la kuingizia hewa, injini ikiwa imezimwa na kupoa, ajaribu kuitikisa ekseli ya turbo kwa vidole. Ikicheza hadi mapanga yaguse ukuta, au ukiona moshi wa samawati, turbo ifunguliwe, na bomba dogo linaloipelekea oili lisafishwe au libadilishwe kabla ya nyingine kufungwa.